Mstari Unaorukwa

Mashine yangu ya fotokopi inaruka mstari mmoja.
Kila karatasi, robo tatu kwenda chini,
panatoka mwanya mweupe, mwembamba kama uzi wa nyavu.
Wateja wamezoea. Wachuuzi wa sangara kutoka Mwaloni
huniletea vibali vyenye magamba yaliyonata pembeni,
nami nawaandikia kwa kalamu neno lililomezwa.
Kazi ya mashine, nyingine naifanya kwa mkono.

Ndipo akaja Bwana Lugembe,
tai nyekundu katika joto la Kirumba,
akafungua mkoba juu ya kaunta yangu:
"Mama, kununua kumepitwa na wakati.
Kodi. Laki na themanini kwa mwezi.
Ikiugua, tunakuja sisi. Ikizeeka,
tunakuletea binti yake."

Usiku nimekaa na kikokotoo na chai iliyopoa.
Nikinunua: milioni nne na laki mbili, mara moja,
akiba yote na ng'ombe mmoja wa mama.
Nikikodi: laki na themanini mara ishirini na nne,
milioni nne, laki tatu na elfu ishirini,
halafu gari linakuja kuichukua
naachiwa alama nne za miguu yake sakafuni.

Shangazi Nkwimba kapiga simu kutoka Sengerema:
"Minza, cha kuazima hakisitiri matako."
Nikamuuliza, na cha kununua kikichanika, shangazi?
Akakohoa.
Simu yenyewe anayoniambia nayo ni ya mkopo,
buku kila siku, ukichelewa inajifunga
hata kama uko katikati ya methali.

Jiwe lililobeba nyumba yetu Kitangiri
hakulinunua mtu. Babu alilikuta, akaegemeza ukuta.
Halina risiti, halina mwisho wa mwezi,
na katika vyote tulivyo navyo
ndicho pekee ambacho hakijawahi kuita fundi.
Nimelala nimeliegemea, nikihesabu:

Mei hadi Oktoba walimu wananijaza mitihani,
karatasi zinatoka zina joto kama chapati.
Desemba paka analala juu ya kaunta.
Kodi haijui Desemba.
Lakini na cha kwangu kina siku zake:
mwaka juzi umeme ulirudi saa tatu usiku, una hasira,
tukasikia harufu kabla ya moshi,
na fundi Masalu akatamka laki sita
kama anayetaja bei ya fungu la nyanya.
Tangu siku ile, huo mstari.

Nikasema basi, nikodi. Ikiungua, waje wao.
Nikauchukua mkataba wa Lugembe, nakala niliyotoa mwenyewe,
nikausoma kwa sauti, kipengele kwa kipengele,
mpaka cha tisa:
"Hitilafu yoyote itakayotokana na"
kisha uzi mweupe,
kisha "itakuwa juu ya mkodishwaji."

Itakayotokana na nini?
Panya? Wizi? Mkono wa mtoto?
Nilishika kalamu kama ninavyowashikia wengine
na safari hii sikujua neno la kuandika.

Asubuhi nikamwomba nakala halisi.
Akaitoa polepole.
Herufi tano tu: umeme.

Nikinunua, umeme wangu.
Nikikodi, umeme wangu vilevile,
na mashine ya kwao.

"Kata hilo neno," nikamwambia, "weka sahihi pembeni,
nami nakodi mwaka mmoja, leo hii.
Ukishindwa, nauza ng'ombe."
Akatazama tai yake. Akasema hana mamlaka,
atapiga simu Dar.

Yuko nje sasa, kivulini kwa muuza vocha,
anazungumza na mkono unaopunga hewa.
Ndani kaingia kijana na kibali cha dagaa.
Mashine imeunguruma, imetoa, imeruka.
Nimeuliza, "Hapa palikuwa pameandikwaje?"
nikafungua kalamu.